Tujihesabu bila kujitukana: uzi kuhusu namna tunavyojisemesha wenyewe

BintiWete (mleta uzi)

Assalaam alaykum nyote, wa Unguja, wa Pemba na mlioko ughaibuni.

Nasomesha sekondari huku Wete, na kuna jambo linanikera sana: maneno ambayo mtu anajisemesha kimoyomoyo, asiyoyasikia mwengine yeyote. Watoto wakirejeshewa mitihani, wachache husema "swali la tatu limenishinda". Utasikia "mimi bongo lala", "mimi kichwa maji", "hesabu si za watu kama mimi". Na kwa wakubwa ni vivyo hivyo. Mtu kaunguza wali, basi hana maana. Kijana kakosa ajira, basi ana mkosi tangu kuzaliwa. Mwanamke kaachika, na kabla majirani hawajasema neno keshajihukumu mwenyewe kuwa yeye ndiye kisirani. Maneno hayo angeambiwa na mtu mwengine pangechimbika. Akijiambia mwenyewe anayameza yote bila kubisha.

Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kirusi aliyefariki mwaka 1934, alieleza kwamba mtoto huanza kwa kuzungumza na wenziwe, kisha hujisemesha kwa sauti anapocheza, na baadae sauti ile huingia ndani ikawa sehemu ya fikra zake. Mimi naongeza langu: kama sauti ya ndani asili yake ni mazungumzo, basi mengi tunayojiambia tuliyasikia kwanza jikoni, chuo cha Qur'ani, skuli na barazani. Mtoto aliyeitwa zezeta kila siku si ajabu akajiita zezeta na umri wa miaka arubaini.

Daktari mmoja wa Marekani, Aaron Beck, katika miaka ya 1960 aliona kwamba wagonjwa wake wa sonona, yaani maradhi ya huzuni kubwa, walikuwa wakipitiwa na fikra za haraka haraka zinazojileta zenyewe: "sifai", "hapana litakalokwenda sawa". Hawakuziita, na hawakuzihoji. Tiba aliyoijenga inamfundisha mtu aikamate fikra ile na kuidai ushahidi. Hadi leo inatumika duniani kote, na mimi ndiyo ninayoiona ya maana kuliko yote yanayosemwa kuhusu kujisemesha vizuri.

Kwa sababu yapo mengine siyakubali. Mitandaoni tunaambiwa tusimame mbele ya kioo tujiimbie "mimi ni bora, mimi ni tajiri, mimi ni mshindi". Mwaka 2009 Joanne Wood na wenzake wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walichapisha utafiti wa jambo hili. Watu waliokuwa wakijidharau tangu hapo, walipotakiwa wairudie kauli ya kuwa wao ni wa kupendeka, walijisikia vibaya zaidi kuliko wenzao wasiotakiwa kuirudia. Waliokuwa wakijithamini tayari ndio walionufaika, tena kidogo. Ndani ya moyo kuna mtu anabisha. Ukimwambia "wewe tajiri" na mfukoni hamna nauli ya gari ya kwenda Chake, anakujibu papo hapo, na jibu lake linauma kuliko tusi la mwanzo.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii, na naomba muijadili: tusijisifu kwa uongo na tusijitukane. Tujiambie kweli, kwa ulimi ule ule tunaomwambia mtu tunayempenda. Mliokuwa mkikaa na bibi zenu jioni za msimu kuchambua karafuu mnajua kazi ilivyo: karafuu upande huu, makonyo, yaani vikonyo vyake, upande ule, na hakuna anayelimwaga pakacha zima kwa kuwa limechanganyika. Na hapa kazi ndiyo hiyo. "Nimepata alama thelathini kwenye hesabu" ni jambo lililotokea. "Mimi mjinga" ni jina nililojibandika. La kwanza nalishughulikia. La pili silihitaji.

Karibuni.

AmiMkoani

Waalaykumu salaam. Mwanangu, umeandika vizuri lakini nina wasiwasi. Allah ameapa kwa nafsi inayojilaumu, Surat al-Qiyama, aya ya 2. Wazee wetu walitulea tujilaumu tukikosea. Nabii Adam na mkewe walisema "Mola wetu, tumezidhulumu nafsi zetu". Sasa vijana wakifundishwa kujiambia maneno matamu tu, nani atajirekebisha? Tutakuwa na watu wanaokosea huku wanajipapasa kichwa.

BintiWete

Ami yangu, shikamoo, na ahsante kwa kulileta hili mapema.

Nakubaliana nawe kwamba lawama ina kazi yake, na ndiyo maana sikuweka neno "matamu". Lakini itazame ile dua ya Adam, aya ya 23 ya Surat al-A'raf. Wamekitaja walichokitenda: tumedhulumu. Papo hapo wakaomba msamaha na rehema. Hawakusema sisi ni takataka, hatuna kheri tena. Lawama imetaja kitendo, ikafungua mlango wa kurejea.

Na ipo hadithi aliyoipokea Bibi Aisha, imo katika Bukhari na Muslim, ambayo Mtume (S.A.W.) amekataza mtu asiseme nafsi yake imekuwa khabithi, bali atumie neno jengine jepesi la kueleza kwamba nafsi yake imechafukwa. Hali mbaya ya mtu haikukanushwa. Kilichokatazwa ni kuibandika nafsi jina la uovu.

Kujihesabu kunauliza: nimefanya nini, kwa nini, na sasa nifanye nini? Tusi haliulizi kitu, linafunga kesi. Mtoto akishajiita mjinga, kwa nini afungue tena daftari? Mjinga hafundishiki. Kwa hiyo khofu yako ya kwamba watu hawatajirekebisha mimi naiona zaidi upande wa matusi.

AmiMkoani

Marahaba, mwanangu. Hapo umenikumbusha ile ya mtu aliyeletwa kwa Mtume naye kalewa, akapigwa. Mmoja wa waliokuwepo akamwambia "Allah akuhizi". Mtume akawakataza, wasimsaidie shetani dhidi yake. Bukhari kaipokea kutoka kwa Abu Huraira. Adhabu ya kitendo ilipita lakini tusi lilizuiwa. Sikuwahi kulifikiria kwa mtu na nafsi yake mwenyewe. Endelea, nafuatilia.

Mwani_Paje

Naomba niongeze upande wetu wa kusini Unguja. Sisi wakulima wa mwani tunajitukana sana kwa jambo ambalo si letu. Mwani umelimwa kibiashara hapa tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na ule wa aina ya kotonii ndio wenye bei kuliko wa aina ya spinosamu. Sasa kotonii inakufa. Vitawi vinageuka vyeupe, vinalainika, vinakatika, unakuta kamba tupu. Na mwanamke anarudi pwani anasema "mkono wangu mzito, nina nuksi mie".

Wataalamu wa bahari wanatwambia wazi: maji ya kina kifupi yanapata moto kupita kiasi, mwani unadhoofika, unashikwa na maradhi. Mkono wa mtu hauhusiki. Tukishalijua hilo mazungumzo yanabadilika kabisa, tunaanza kuuliza nani ana chombo, nani anajua kuogelea, tunapelekaje kamba kwenye kina kirefu. Aliyeshikilia nuksi hawezi kuuliza maswali hayo. Atatafuta mganga wa kumzungua.

BintiWete

Ukhti wa Paje, kama ningeweza kuubandika mchango wako juu kabisa ya uzi ningefanya hivyo. Huo ndio ushahidi anaoudai Beck. "Nina nuksi" haina ushahidi. "Maji yamepata moto na kamba zangu ziko kina kifupi" inao, na inakupa pa kuanzia.

Tena naomba mnielewe: kujisemesha vizuri hakuipozi bahari wala hakupandishi bei ya mwani. Anayewauzia watu maneno kana kwamba umasikini wao ni kosa la fikra zao anawaonea.

KijanaMalindi

Dada, kwa heshima zote. Nina shahada, mwaka wa pili sasa natembeza bahasha. Maneno mazuri hayalipi kodi ya chumba. Kila nikirudi kwenye usaili najiambia "wewe wa kukosa tu" na mpaka leo sijaona ushahidi wa kinyume chake.

BintiWete

Ndugu yangu, pole sana, na nakwambia kwa dhati. Sikuahidi kazi. Nakuomba uitazame ile sentensi tu. "Usaili ule nimekosa" ni kweli. "Wewe wa kukosa tu" inadai kuijua kesho, na hiyo hakuna mja anayeijua.

Lipo jambo moja litakufaa ukienda tena. Ethan Kross wa Chuo Kikuu cha Michigan, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti mwaka 2014. Watu walipewa dakika chache kujiandaa, wasimame mbele ya waamuzi waeleze kwa nini wanaifaa kazi wanayoiota. Kundi moja lilitakiwa lijisemeshe kwa "mimi". Jengine lijiite kwa jina, au lijiambie "wewe", kama mtu anayezungumza na mwengine. Waliojiita kwa jina walizungumza vizuri zaidi, na baadae aibu na kujishutumu kwao kulikuwa kidogo zaidi. Ukijiita jina lako unajitenga hatua moja na khofu yako, unaweza kujishauri kama unavyomshauri rafiki. Wewe hapo ulipo tayari unajiita "wewe", basi hiyo nusu ya kazi unayo. Badilisha kinachofuata. Taja jina lako, halafu: "umejiandaa, unaijua kazi hii, zungumza polepole."

Isiwe sifa tupu, iwe maelekezo. Wanamichezo wanalijua hili. Mwaka 2011 Antonis Hatzigeorgiadis na wenzake walikusanya tafiti 32 za kujisemesha michezoni na wakakuta kwamba kunasaidia, na kwa mambo ya ustadi mdogo mdogo yale maneno ya kujielekeza yanafaa kuliko ya kujipa moyo. Mlinda mlango pale uwanja wa Gombani anayejiambia "tazama mpira, miguu chini" ana kitu cha kufanya. Anayejiambia "mimi simba" ana kelele.

Shangani1

Niingie kidogo. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab aliyezaliwa Fumba, alipopata jina mjini alikejeliwa kwa wimbo kuwa ametoka shamba na hana uzuri, ana sauti tu. Akajibu kwa wimbo vilevile, kwamba hasara ya mtu ni kukosa akili. Kisha mwaka 1928 akapanda meli hadi Bombay kurikodi. Angekubali jina alilopewa tusingemjua leo. Ni hilo tu.

MamaKonde

Nimesoma mpaka hapa machozi yananitoka. Bi BintiWete, swali langu ni la kutenda. Nimeelewa kwamba nisijitukane. Lakini linatoka lenyewe kabla sijalikamata! Nikimwaga chai tu, "mjinga mie" limeshatoka. Nitajizoeza vipi? Nimesikia inachukua siku 21.

BintiWete

Mama, hizo siku 21 ziache. Zimeenea kutokana na maneno ya daktari wa upasuaji wa Marekani, Maxwell Maltz, mwaka 1960. Aliona wagonjwa wake wakichukua angalau kiasi hicho kuzizoea sura zao mpya, watu wakaligeuza likawa kanuni ya kila mazoea. Phillippa Lally na wenzake wa London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea mazoea ya kula, kunywa au mazoezi ya mwili, wakachapisha mwaka 2010. Wastani ulikuwa siku 66. Kuna aliyekadiriwa siku 18 na aliyekadiriwa 254. Na la kutia moyo kuliko yote: kuruka siku moja hakukuharibu chochote. Basi ukipitiwa, usijitukane kwa kusahau kutojitukana. Wengi wanaanguka hapo.

Tusi likishatoka usihangaike kulirudisha. Liongezee la kweli. "Mjinga mie" limetoka? Haya, sema baada yake: "chai imemwagika, kikombe kilikuwa ukingoni." Basi. Ubongo unajifunza kwamba lile la kwanza si neno la mwisho. Kwa muda la pili linaanza kuwahi.

Na tabia haishiki kama haina pa kuning'inia. Lally na wenzake waliwaambia watu waambatanishe jambo jipya na tukio ambalo lipo kila siku kwa wakati wake. Sisi tumejaaliwa matano. Mimi nimeichagua Alasiri, maana ndiyo saa nimetoka skuli na kichwa kimejaa. Nikishatoa salamu na kumaliza nyiradi zangu, kabla sijaukunja msala, najiuliza: tangu asubuhi nimejiita nani? Kama lipo jina, nalitaja, nauliza ni kitu gani hasa kilichotokea, halafu nauliza rafiki yangu angetokewa na hicho ningemwambia nini. Ninalomwambia yeye ndilo najiambia. Halichukui muda. Nyiradi zina nafasi yake na hili haliingii mahali pake, ni kujihesabu kule kule anakokusema Ami.

Anza na sala moja. Usianze na tano.

Na kama unaweza, andika. Wewe una madaftari ya watoto yaliyobaki kurasa. Ukiliona tusi kwa maandishi, kwa mkono wako mwenyewe, utashangaa jinsi lilivyo kali na jinsi linavyojirudia. Wengi hatuna matusi mengi. Tuna mawili matatu, ni yale yale miaka yote.

KijanaMalindi

Nimekuelewa, dada. La jina nitalijaribu.

Ndugu_wa_Chake

Naomba ushauri, na sitaki kutoa maelezo mengi. Nina ndugu yangu wa kike, tangu mfungo mosi halali usiku, chakula hakitaki, kazi ameacha, na anasema kila siku kwamba sote tungepumzika kama yeye hayupo. Nimpe huu uzi asome?

BintiWete

Ndugu yangu, hapana. Usimpe uzi. Mpeleke hospitali, leo au kesho asubuhi, na usimwache peke yake kabla ya hapo. Usiogope kumuuliza moja kwa moja kama anafikiria kujidhuru, kuuliza hakumtii wazo hilo, kunampa nafasi ya kusema. Dawa nyingi zilizopo chumbani na chochote cha hatari kiondoe kimya kimya.

Huzuni kama hiyo ikizidi wiki mbili, usingizi umeharibika, hamu ya kula na ya kazi imekwisha, hayo ni maradhi, na yana matibabu. Anza na hospitali yenu hapo hapo Chake. Kama watamuelekeza Unguja, hospitali ya maradhi ya akili ya Kidongo Chekundu, mpeleke. Najua jina la hospitali ile watu wanalitumia kutaniana na kutukanana, na wangapi wamechelewa kwa sababu ya aibu hiyo. Ni hospitali, ina wauguzi na madaktari. Kumsomea Qur'ani nyumbani kunakwenda pamoja na hilo, wala kimoja hakikizuii chengine.

Mtu aliyefika hapo hawezi kujisemesha mwenyewe akatoka. Anahitaji kusemeshwa. Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza mabibi wa mitaani wakae kwenye benchi nje ya kituo cha afya na kumsikiliza mtu kwa utaratibu, amalize yake, wachague pamoja tatizo moja la kuanza nalo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa na mabibi hao walikuwa na dalili chache zaidi kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Wazo hilo limeshafika Zanzibar pia. Nalitaja ili wewe ndugu yake ujue: wakati mnasubiri daktari, kukaa naye na kumsikiliza bila kumkatiza kuna uzito wake. Usimwambie "jikaze". Usimwambie "wenzako wana shida kuliko wewe".

Nitumie ujumbe wa faragha, nitakusaidia kadiri niwezavyo.

Ndugu_wa_Chake

Tunakwenda asubuhi. Niombeeni.

AmiMkoani

Allah amponye, ampe wepesi yeye na nyinyi wote. Amin.

MamaKonde

Amin. Bi BintiWete, la mwisho kwangu. Mwanangu wa darasa la sita amerudi leo na mtihani, kashika nafasi ya chini, kajifungia chumbani. Nimemsikia anasema "mimi sina akili". Namwambia nini? Nikimwambia "una akili sana" ananitazama tu.

BintiWete

Anakutazama kwa sababu karatasi anayo mkononi na haikubaliani nawe. Kaeni pamoja muifungue. Mtafute kwanza alilopata, lipo, hata kama ni moja. Kisha moja alilokosa, umuulize alifikiri vipi mpaka akaandika vile. Hapo ataacha kusema "sina akili" ataanza kusema "hapa nilisahau kuhamisha". Hiyo sentensi ya pili ndiyo unayotaka akae nayo. Usimlazimishe aseme kitu kizuri juu yake. Na wewe nawe, ukimwaga chai mbele yake, lile la "kikombe kilikuwa ukingoni" liseme kwa sauti ili alisikie.

Kama ni hesabu za sehemu ndizo zimemtatiza, nipigie picha hiyo karatasi uniletee faragha usiku huu.